Bibi-arusi Aliyefungiwa Stoo

Mkitaka kucheka chekeni, mimi nimeshazoea, maana hapa Kasongo hata wauza karanga sokoni wananiita Mama Paka, na jina langu lenyewe, Mama Sefu, siku hizi nalisikia kanisani tu. Aibu ni yangu na ninaijua kuliko nyinyi wote. Lakini kwa kuwa kila mtu anaisimulia anavyotaka (kuna mmoja anasema shangazi wa watu alizimia, uongo mtupu, hakuzimia), afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Mwanangu Sefu, fundi wa pikipiki, alikuwa amepata mchumba kule Kabambare, binti anaitwa Mauwa, mchapakazi, mcheshi, na mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza. Mambo yote yalikwenda sawa, mbuzi walishapelekwa, likabaki jambo moja: wakwe walisema watakuja kwanza kuona nyumba ambayo mtoto wao ataishi, na watu atakaoishi nao, ndipo watoe neno la mwisho. Basi nikafagia uwanja, nikapaka kuta udongo mweupe, nikaazima viti, nikaazima na termosi ya chai yenye maua. Kilichoninyima raha ni panya. Stoo yangu ya mpunga ilijaa panya, wanene, wasio na haya, na nilikuwa tayari naona mkwe amekaa kitini na panya anapita katikati ya miguu yake. Paka nilikuwa nao wawili, Komanda, dume mwenye sikio lililochanika, na Madamu, ambaye kazi yake ilikuwa kulala juu ya magunia, lakini hao wawili na panya walishafanya mapatano yao ambayo mimi sikuitwa.

Siku mbili kabla ya wageni kufika, mama mmoja wa Lusangi aliyeleta mihogo sokoni akanipa kitoto cha paka, jike, mweupe kuanzia pua mpaka mkia, amefungwa ndani ya kipande cha pazia ili asiparue watu njiani. Mwenye akili angesema asante, nitamchukua wageni wakishaondoka. Mimi nikamchukua palepale, na kwa vile alikuwa mweupe na amefunikwa pazia, nikampa jina: Bibi-arusi. Nilicheka peke yangu njia nzima, nikijiona mjanja.

Nyumbani nikamweka katikati ya uwanja mbele ya wenzake, nikasema, "Haya, salimianeni!" Komanda akamsalimia kwa kofi la pua, damu ikatoka. Madamu akaruka juu ya meza, termosi ya watu ikaanguka, ikavunjika. Jirani yangu Mama Anzuruni (sikio lake la kulia lilikufa zamani na la kushoto linasuasua, kwa hiyo mazungumzo yetu ni ya kupigiana kelele juu ya ua) akaniambia kwamba paka mgeni hatupwi katikati ya wenyeji, anafungiwa kwanza mahali pake, wenzake wanamnusa chini ya mlango, siku moja, siku mbili, mpaka harufu yake iwe ya nyumba. Shauri lilikuwa zuri. Nikamfungia kwenye stoo, nikaendelea na mapishi yangu.

Siku yenyewe, karibu na saa sita za mchana, wali umeiva, kuku ameiva, sombe ya majani ya mihogo iko motoni, Sefu amekwenda dukani kuleta vinywaji. Wakwe walikuja na pikipiki mbili, ila kwa heshima hawakuingia na kelele za injini: waliziacha kule barabarani, wakafuta matope, wakavaa nguo safi, wakaja kwa miguu, polepole, mpaka nyuma ya ua wangu. Mimi sikuwa na habari. Na Mama Anzuruni, Mungu amsamehe, akachagua dakika hiyohiyo.

"Mama Sefu! Bibi-arusi iko namna gani?"

"Nimemufungia mu stoo!" nikapiga kelele. "Tangu yuzi! Analia tu!"

"Anakula?"

"Kidogo-kidogo, ninamusukumia chini ya mulango!"

"Na Komanda?"

"Alimupiga kofi mpaka damu! Niliacha tu amupige, ajue mwenye nyumba ni nani!"

"Na Sefu anasema nini?"

"Sefu anasema kama hafanye kazi, tutamurudisha kwabo, tutwae mwingine!"

Ndugu zangu, Kiswahili chetu ndivyo kilivyo. Paka analia, mtu analia, paka anapigwa, mtu anapigwa, hakuna hata herufi moja ya kuwatenganisha.

Nikasikia mtu anakohoa. Halafu, "Hodi." Kugeuka, naona shangazi yake Mauwa, Mama Sifa, mwanamke mrefu mwenye kikwembe cha kijani kilichopigwa pasi, na nyuma yake wajomba wawili wamesimama kama watu waliokuja matangani. Nikasema karibuni, karibuni bakwe. Hakuna aliyesogea.

"Mama," akasema Mama Sifa taratibu, "kumbe Sefu iko na bibi-arusi mwingine?"

"Hapana, mama mukwe! Ni paka!"

"Na Komanda mwenye kupiga banamuke, ni nani mu hii nyumba?"

"Na yeye ni paka."

Wajomba wakatazamana. Mimi mwenyewe niliposikia jibu langu nilijiona mwongo. "Na ule mwingine wa kutwaa," akaendelea, "ni mutoto wetu?" Na kule stoo, kana kwamba ameitwa, kitoto kikalia, sauti nyembamba ya mtu aliyechoka. Mjomba mkubwa akasema neno moja tu: "Fungua."

Nikafungua kwa pupa, nithibitishe. Bibi-arusi akatoka kama jiwe la manati. Komanda alikuwa anamngoja mlangoni. Wakapita juu ya mkeka, wali ukamwagika, wakapita kwenye kuku, Madamu akajitosa naye (wa kugombana hakuwa, alifuata kuku), sufuria la sombe likapinduka, na yule mdogo, miguu yake myekundu kwa mawese, akatafuta mti wa kupanda. Uwanjani kwangu mrefu kuliko wote alikuwa Mama Sifa. Paka alipanda kikwembe cha kijani, akapita mgongoni, akafika juu ya kilemba, akakaa hapo. Akakojoa.

Mama Anzuruni akachungulia juu ya ua, akapiga kelele: "Bakwe bamefika?"

Mama Sifa hakuzimia. Alimshusha yule paka kwa mikono miwili, akaangalia pua yake yenye kidonda, akamfunika na ncha ya kikwembe. "Tumeona ni paka," akasema. "Lakini ile midomo haikuwa ya paka. Namna munapokea mugeni mudogo, ndiyo mutapokea na mukubwa. Siku huyu atakula sahani moja na Komanda, mututumie habari. Tutaleta mutoto." Wakaondoka bila kuonja hata tonge. Sefu walikutana naye njiani, chupa mkononi.

Nilikaa chini kwenye wali nikalia, na si kwa ajili ya wali. Mimi nilipoolewa katika nyumba hii, mama mkwe wangu alinipa sahani yangu peke yangu mwezi mzima, na nilikuwa nakwenda kulia nyuma ya stoo ileile. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Basi ndoa ya mwanangu ikawa mikononi mwa Komanda. Nikachukua kitambaa kimoja, asubuhi namsugua Komanda, jioni namsugua mdogo, wazoee harufu. Nikaweka dagaa upande huu wa mlango na upande ule, kila siku nasogeza sahani kidogo, nabembeleza dume lile kuliko nilivyowahi kumbembeleza marehemu mume wangu. Sefu hakuzungumza nami, akija kula anauliza tu, "Bamesikilizana?" Wenye pikipiki wanaotoka Kabambare kuja Kasongo na kurudi wakawa wanapitia kwangu: "Bakwe banauliza, Komanda anasema nini?" Juma la tano Komanda alimlamba yule mdogo kichwani, wakainamia sahani moja, na Sefu akapiga picha kwa simu, akaituma kwa wakwe.

Mauwa aliletwa kwa ngoma na vigelegele, uwanja umejaa watu. Akashuka kwenye pikipiki, akanipigia magoti, na mbele ya kila mtu akauliza kwa adabu zote: "Mama, mu stoo nitakaa siku ngapi?"

Watu walicheka mpaka ngoma ikanyamaza. Mimi nilimshika mkono, nikamzungusha nyuma ya nyumba, nikamwonyesha. Stoo haikuwa na mlango. Niliung'oa mwenyewe asubuhi ile, kwa nyundo, pamoja na bawaba zake zote, na hadi leo tunaanikia mihogo juu yake. Jina la Bibi-arusi nimeliondoa pia. Paka sasa anaitwa Paka, na sitampa mnyama jina la mtu tena maisha yangu yote. Panya wanaingia stoo na kutoka wanavyotaka. Waingie tu.