Kitambaa Chekundu cha Fundi Breki

Fundi Breki alirudi na spana ya tairi mkononi, akakuta mahali lilipokuwa gari la mkunga pamebaki doa la mafuta. Gari halipo.

Alisimama pale kama mtu aliyesahau njia ya kwake. Tairi la mbele la kushoto alikuwa amelirudisha mwenyewe muda mfupi uliopita, baada ya kubadilisha pedi za breki, na nati zake tano alizizungusha kwa vidole tu. Kwa vidole! Mwenzake mmoja akaja kuiomba jeki, naye akalishusha gari chini, akaenda kuifuata spana kwa fundi wa gia, nyuma ya ukuta. Huko akakuta bado inatumika, akangoja.

Ndivyo uwanja ule ulivyokuwa. Mafundi kumi na wawili, kila mtu na sanduku lake na wateja wake, bosi hakuna. Jeki nzuri moja, spana nzuri moja, vinazunguka kutwa nzima kama mtoto wa kulelewa na ukoo. Kwa sababu hiyo wakawa na kanuni ya kitambaa. Fundi akiacha gari kabla hajalimaliza, hata akienda kunywa maji, anafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Penye kitambaa hapaguswi. Wateja nao wanajua, na yule mkunga, mteja wa miaka tisa, alijua kuliko wote. Asingeondoka na gari lenye kitambaa; lisilo nacho, kwake limekwisha kutengenezwa.

"Nani ametoa kitambaa changu?" Breki alipaza sauti, na nyundo zote zikanyamaza.

Mama Gesi, mchomeleaji na mkubwa wa uwanja, alivua miwani yake myeusi. "Kitambaa gani, ndugu yangu?"

"Cha mkunga! Gari limeondoka, nati hazijakazwa!"

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gereji kubwa yenye vigae na vioo, na wenyewe kila siku walikuwa wakiwaambia watu kwamba mafundi wa uwanjani watawaua. Gari moja tu likipinduka, na uwanja mzima umekwisha. Lakini Breki hakuwa akiwaza uwanja. Alikuwa akimwona mkunga asubuhi ile, anasema akitoka hapa anampitia mama yake mzazi, ampeleke hospitali iliyo chini ya mlima. Na mlima ule una teremko ambalo hata mwenye breki mpya hulishuka roho mkononi.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Mkunga akiwa kwenye usukani huwa hapokei, simu huitia mkobani, na mkoba huuweka kiti cha nyuma. Kwa tabia hiyo Breki mwenyewe alikuwa akimsifu.

"Nani aliingia kwenye lile gari?"

Macho yote yakamgeukia fundi wa umeme, mtu wa miaka arobaini waliyemwita Waya, mwenye maneno mengi na mzaha usiokwisha. Leo mzaha haukuwepo.

"Niliingia mimi, kupima taa za breki. Si uliniomba mwenyewe, mzee? Lakini sikukuta kitambaa."

"Muongo wee! Nilikifunga kwa mikono yangu hii. Wewe ndiye umekitoa ukafutia uchafu wako!"

"Mzee, nasema sikukikuta."

"Miaka thelathini na moja nafunga kitambaa! Nikisahau kufunga kitambaa, nimesahau kuvaa suruali!"

Wengine wangecheka siku nyingine. Kanuni ilisema wazi: anayetoa kitambaa cha mwenzake afungashe sanduku lake, aondoke. Miaka mitatu nyuma walimfukuza fundi wa rangi kwa kosa hilohilo, ingawa halikuleta madhara yoyote. Aliyeshikilia afukuzwe, akagoma hata kupokea salamu yake, alikuwa huyuhuyu Breki.

"Mtalumbana mkirudi," Mama Gesi alisema. "Waya, washa pikipiki. Breki, panda."

Wakaondoka, mshtakiwa mbele, mshtaki nyuma amemshika kiuno. Nyumbani kwa mkunga walikuta mlango umefungwa, na jirani akawaambia mama na binti wametoka sasa hivi, hata vumbi halijatua.

"Mlimani," Breki alisema. "Kimbiza!"

Njiani akataka kupiga simu tena, kwa haraka akaingiza mkono kwenye mfuko mwingine wa ovaroli. Vidole vikagusa kitambaa.

Hakuhitaji kukitoa ili akijue. Kila kitu kikamrudia kama anaangalia mtu mwingine. Amefunga kitambaa, amepiga hatua mbili, simu imelia, ni mkewe anauliza kama atakuja kula. Mikono ina grisi. Mkono ukaingia dirishani wenyewe, ukavuta kitambaa kilicho karibu, akafuta vidole, akapokea simu, kitambaa akakitia mfukoni, akaenda zake kwa fundi wa gia huku akimjibu mkewe.

Mbele yake mgongo wa Waya ulikuwa umeinama juu ya usukani wa pikipiki, unakwenda mbio kwa ajili ya kosa lisilo lake. Breki akafungua mdomo, akaufunga. Akajiambia, kwanza gari. Kitambaa akakisukuma chini kabisa ya mfuko.

Waliliona gari mwanzo wa teremko. Breki hakuhitaji kuambiwa. Tairi la kushoto lilikuwa linacheza, linaingia na kutoka kama jino bovu. Na sauti aliisikia, gong, gong, gong. Mbona mkunga hasimami? Mbona hasikii?

Ndipo akakumbuka. Yeye mwenyewe alimwambia asubuhi ile, "Pedi mpya zitapiga kelele kidogo siku ya kwanza, mwanangu. Usijali." Mkunga anasikia. Anasikia vizuri kabisa, na hajali, kwa sababu fundi wake amesema asijali.

"Namkatia mbele!" Waya alipiga kelele.

"Usithubutu! Akikanyaga breki ghafla tairi linatoka! Kaa ubavuni!"

Wakakaa ubavuni. Breki akapunga mkono, akaonyesha kiganja, polepole, polepole. Mkunga akageuka, akamtambua, akatabasamu, naye akampungia. Nyuma yake mama yake, bibi mwenye shali, akapunga pia. Gari likazidi kushika mteremko. Kona ya kwanza ilikuwa pale mbele, na baada ya kona ni bonde tupu.

Breki alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Vioo vilikuwa juu. Mkunga akaonyesha sikio lake, kwamba hasikii, akatabasamu tena.

Kulikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho mwanamke yule angekielewa bila neno, na kilikuwa chini kabisa ya mfuko. Breki alikiona kioo cha pikipiki. Aliyaona ndani yake macho ya Waya, yanamtazama, yanangoja aambiwe la kufanya.

Akakitoa. Akakikunjua juu ya kichwa chake, chekundu, kinapiga kwenye upepo.

Tabasamu la mkunga likafutika. Hakukanyaga breki kwa pupa. Miaka tisa Breki alikuwa amemfundisha. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akapunguza gia, akavuta breki ya mkono kidogokidogo, gari likaenda likichechemea mpaka kwenye majani ya pembeni. Likasimama hatua kumi kabla ya kona.

Nati tatu zilikuwa zimekwishatoka. Ya nne ilishikilia kwa mizunguko miwili, ya tano Breki aliigusa tu ikamdondokea kiganjani. Alikaa chini kwenye majani.

"Baba," bibi wa shali alimwita kutoka dirishani, "nilimwambia huyu binti yangu gari linagonga. Akaniambia fundi kasema ni kawaida."

"Fundi alisema, mama," Breki alijibu. "Fundi ndiye mimi."

Waliinua gari kwa jeki ya mkunga mwenyewe. Breki akatoa nati moja moja kwenye matairi mengine matatu, akaongeza na zile mbili, zikawa tano za tairi la mbele. Akazikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Muda wote huo Waya hakusema neno, na Waya kutosema neno kulimuuma Breki kuliko matusi. Mkunga akalirudisha gari barabarani, akashuka mlima taratibu, taa zote zinawaka.

Walipofika uwanjani, sanduku la Waya lilikuwa limeshawekwa langoni. Wenzake walilifungasha wakati wakiwasubiri. Breki alilitazama. Akaliinua kwa mikono miwili, zito kama jiwe la kusagia, akalirudisha mahali pake. Kisha akaenda kulichukua la kwake, akalibeba hadi langoni, na juu yake akatandika kitambaa.

"Kilikuwa mfukoni mwangu," alisema. "Nimemwita mwenzangu muongo mbele yenu. Muongo nilikuwa mimi."

Mama Gesi akashika kiuno. "Kanuni inasema kitambaa cha mwenzako. Wewe umetoa chako."

"Kanuni niliitunga mimi, najua inasema nini!"

"Basi kama unajua, mbona unabishana nayo?"

"Fundi wa rangi aliondoka kwa kidogo kuliko hiki."

Ndipo Waya akasema, kwa mara ya kwanza tangu mlimani. "Asiondoke. Akiondoka ataenda kukaa nyumbani ajionee huruma, na huku breki nani atafunga? Akae. Ila kila tairi atakalolifunga, nati nitazikagua mimi. Mbele ya mteja."

Kwa mtu kama Breki, kuondoka kungekuwa nafuu mara kumi. Alitazama lango, akatazama sanduku. Shingo yake ngumu ilichukua muda kuinama.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nichoke."

Alasiri mkunga alirudi, gari likiwa na nati pungufu. Breki akafunga kitambaa kwenye usukani, akatafuta nati tatu za kufanana, akazikaza, akayazunguka matairi yote manne. Kisha akasimama pembeni, mikono nyuma, kama anayengoja hukumu. Waya alichukua spana, akaipachika kwenye nati ya kwanza, akaivuta kwa uzito wake wote. Haikusogea. Ya pili. Ya tatu. Alizipima zote ishirini bila haraka, na mkunga akahesabu kwa sauti.

"Toa kitambaa," Waya alisema.

Breki alifungua fundo, akakikunja, akakiweka ndani ya sanduku na kulifunga. Mikono yake ilikuwa imejaa grisi. Akaifutia kwenye ovaroli.