Laptopu Nyepesi ya Mama wa Kabungu

Mhariri kanisumbua wiki nzima nikiandike hiki kisa, basi someni. Nilikuwa kwa fundi wa kompyuta chakavu hapa Mpanda, mama mmoja wa Kabungu akaja kuchukua laptopu ya marehemu mwanawe. Fundi akamsogezea huku anacheka.

“Mama, ilikuwa mzigo hii. Nimeiwekea programu tunazogawana bure sisi mafundi, sasa inakimbia.”

“Na nyimbo alizojirekodi mwanangu?”

“Nilifuta vitu vyote vilivyokuwemo, iwe nyepesi.”

Mama akaweka kiganja kwenye kioo kama anayepima homa. “Sauti yake ilikuwa humu tu.”

Nyie mafundi mnaogawa programu za bure, hata kuuliza kabla ya kufuta ni bure. Kesi ilipofika kwa wazee wa ukoo wa mama, walisema kijana amekufa mara ya pili, msiba uwekwe upya na fundi augharamie. Fundi akatoa mbuzi na unga, akakaa msibani siku tatu.