Gari Jeupe Nje ya Uzio

Mke mwenza aliye hai ana afadhali. Unamwona, unamsikia, akikuudhi unamjibu, na akizeeka mnazeeka wote. Mimi wangu alifariki miaka mingi kabla sijakanyaga nyumba hii, kwa hiyo hakoromi, haunguzi mboga, hanuni wala hanenepi. Utashindana naye kwa lipi? Nikisema hivi, shoga yangu muuza vitambaa huniziba mdomo kwa kiganja. "Weee! Unamwonea wivu marehemu? Huoni aibu?" Aibu naiona sana. Na wivu ninao, sitajitia hamnazo.

Mume wangu ni fundi vioo. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi namwita hivyohivyo, maana nilimjua kwa kazi kabla ya kumjua kwa ndoa. Alikuja saluni kwangu kubadilisha kioo kilichopasuka, akakipima, akakipima tena, nusu siku imekwisha, na alipomaliza akakataa hata soda. Mtu mkimya. Vidole vyake vimejaa makovu madogomadogo. Akikata kioo hapumui mpaka kikatike. Hanywi, hagombi, akipata kitu anakileta nyumbani. Wenzangu huniambia nimepata, nami sikatai, nimepata mtu mwema. Ila nilitaka kumpata mzima, na nusu yake nimeikuta imeshachukuliwa.

Marehemu alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo kilichoporomoka watu wakiwa ndani. Wengi hawakutolewa, naye ni mmojawapo. Mahali pale pakajengwa ukuta wa kumbukumbu wenye majina yao, na bustani ndogo mbele yake. Kila Jumapili Fundi alikwenda kusimama mbele ya jina lile. Na Jumapili ndiyo siku pekee ninayofunga saluni, basi jiulize mwenyewe nilikuwa nakula na nani mchana.

Kisha msingi ukatitia, ukuta ukaanza kupasuka, ikaamuliwa uvunjwe wote ujengwe upya. Wakazungusha uzio wa mabati marefu, wakaweka mlinzi getini, hakuna kuingia mpaka kazi iishe. Nilishukuru kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Lakini Fundi akawa anakwenda kusimama nje ya mabati, anarudi na vumbi kichwani na uso umemshuka, mpaka nikamwonea huruma. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi kwa mikono yangu. Mteja wangu mmoja, karani wa ofisi ya ardhi, aliwahi kunionyesha kwenye simu ramani yenye picha za setilaiti, ile ambayo unaona mapaa ya mji mzima kutoka juu. Nikamfungulia mume wangu. "Tazama, Fundi, huna haja ya kwenda kupigwa jua. Kazi yao utaiona hapahapa mezani."

Nilifikiri nimeikomboa Jumapili yangu. Kumbe nimemkabidhi yule mwanamke wiki nzima.

Fundi alinunua kompyuta ya mtumba, akaiweka pale nilipokuwa naweka redio yangu. Picha mpya haziji kila siku. Zile zinazoonekana vizuri huweza kukaa miezi kabla hazijabadilishwa. Ziko nyingine zinazokuja mara kwa mara, lakini humo nyumba nzima huonekana doa tu. Yeye alizifungua zote. Chai inapoa, mtu ameinama, mguu wa miwani mdomoni. "Wamemaliza kuvunja." "Wamechimba msingi." "Hii rangi ya kijivu unaiona? Kokoto." Akanieleza hata kwamba picha nzuri zote hupigwa asubuhi, karibu muda uleule setilaiti inapopita, ndiyo maana vivuli hulala upande mmoja. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumsikia akiongea maneno mengi namna hiyo. Mwezi huohuo mimi nilitia nywele zangu rangi nyekundu, nyekundu kabisa, ya kusimamisha magari. Hakuiona mpaka jirani alipomuuliza kama mkewe ni mzima.

Roho iliniuma, jamani. Iliniuma nikiwa nasuka, iliniuma nikiwa napika. Nilimwambia shoga yangu, "Angekuwa hai ningemfuata kwake tukavutana nywele, yakaisha." Yule akacheka mpaka akakalia kitambaa cha watu.

Asubuhi moja nilipita nyuma yake na chapati mkononi, nikamkuta anavuta mstari mweupe kwenye ramani, kile kipimo cha kujua umbali. Anaanzia kwenye uzio, anaishia pale lilipokuwa jina la marehemu kabla ya ukuta kuvunjwa. Anapima, anafuta, anapima tena. Damu ikanichemka. Sahani niliitua mezani kwa kishindo.

"Unajipimia kaburi?"

"Nini?"

"Sema tu! Mimi nikufulie, nikupikie, nikuuguze, halafu ukifa ukalale na yeye?"

Alivua miwani akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza anasikia kuna mtu nyumbani. "Sipimi kaburi, bibie. Napima gari."

"Gari gani tena?"

Akanivutia kiti. Toba, sikumbuki mara ya mwisho kunivutia kiti. Kwenye picha, nje ya uzio, palikuwa na kidude cheupe kirefu. "Pikapu," akasema. "Imesimama hatua chache tu kutoka kwenye jina lake. Sasa tazama picha ya kabla ya hii." Ilikuwapo. "Na ya kabla yake." Ilikuwapo. "Kila picha ipo."

"Si ya wajenzi hiyo?"

"Magari ya wajenzi yote yako ndani. Hili linakaa nje, peke yake, upande wake yeye."

Nikamuuliza, kwa hiyo nini? Akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Kiwanda kilipoporomoka, marehemu hakuwa akiishi naye. Walikuwa wamegombana, amefungasha nguo zake na kurudi kwao. Na watu walikuwa wamekwisha kumnong'oneza Fundi kwamba mkewe hushushwa kiwandani na mwanamume mwenye pikapu nyeupe. Hakwenda kuuliza. Alisubiri hasira zipoe, wakae waongee. Hazikuwahi kupoa, kiwanda kikaanguka.

"Sijamjua mpaka leo ni nani," akasema. "Nani atakwenda kukaa na marehemu siku zote hizo, kama si huyo?"

"Basi nenda ukamwone."

"Nikimkuta nimwambie nini? Alikuwa ameshaniacha."

Nilikaa pale na chapati inakauka. Huzuni ya mume ningeivumilia. Mtu akifiwa amefiwa, na ningemwekea maji ya moto na kumpisha. Lakini ile haikuwa huzuni. Mimi ninauelewa wivu, ninaamka nao, na nikiuona usoni kwa mtu siukosei. Fundi alikuwa na wivu. Tena wivu mbichi, wa mwanamke aliyekwisha kuwa udongo! Na mimi je? Nilipokuwa msichana niliposwa na mtu wa benki, ambaye hadi leo nikikutana naye dukani hunisalimia kwa kicheko kirefu. Nilimwambia Fundi jambo hilo makusudi kabisa. Alinijibu, "Msalimie sana."

Kesho yake sikufungua saluni. Nilijiambia nakwenda kumtoa mume wangu wasiwasi, lakini kusema kweli nilikuwa namwomba Mungu huyo mwanamume awepo. Awepo, awe mtanashati, alie mbele yangu kwa kwikwi, nirudi nimwambie Fundi: marehemu alikuwa na mtu wake, mwachie, na wewe rudi kwako. Nilivaa gauni langu la kijani, nikajipulizia manukato mpaka nikapiga chafya, nikatoka.

Pikapu ilikuwapo kweli. Nyeupe, imeliwa na kutu milangoni, nyuma imebeba tangi la maji. Dereva wake alikuwa jamaa mnene mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile. Ameingiza mpira kwenye tundu la bati, anajaza mapipa ya ndani huku anapiga mluzi.

Nikamsalimia. "Samahani kaka, una mtu wako humu?"

"Humu ndani? Nina wadeni wangu tu, mama. Hawa mafundi wanakunywa maji kama ngamia."

"Namaanisha waliofia hapa. Kiwandani."

Akavua kofia upesi. "Hapana, mama. Pole kama wewe una wako. Mimi mji huu nimehamia mwaka jana tu. Kila siku saa nne nawaletea maji. Getini hawataki nipite, wanasema nitakanyaga zege bichi, ndiyo wakanitobolea hapa."

Saa nne. Setilaiti inapita juu, na huyu bwana anamimina maji. Ingepita saa tano isingemkuta. Nilicheka mpaka nikashika mlango wa gari, na katikati ya kicheko nikasikia machozi yanakuja, maana mwanamume wangu wa kwikwi ndiyo hayupo tena. Nikainama nikachungulia kwenye tundu. Ukuta ulikuwa umekwisha kusimama, jiwe jeusi linang'aa, na fundi mmoja yuko magotini anapangusa herufi kwa brashi ndogo, moja baada ya nyingine, taratibu. Ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Kijiba cha roho kikanikaba.

"Unaelekea wapi, mama?" dereva akaniuliza akikunja mpira. "Napitia mjini, nikusogeze."

Nikamtazama. Nikalitazama gari lake. Basi shetani gani alinipitia sijui, nikapanda mbele, nikashusha kioo hadi mwisho, nikaweka kiwiko nje. Nilimwelekeza njia ya kupita mbele ya karakana ya Fundi, ambayo imeshikana na nyumba yetu, na nikamwomba aende polepole. Majirani waliacha walichokuwa wanafanya. Wacha watazame! Nilitaka mmoja tu atazame.

Na akatazama. Gari halijasimama vizuri nikamwona Fundi anatoka karakana mbio, hana viatu, ameacha mlango wazi. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Siku zote za ndoa yetu nimeletwa na nani, nimechelewa wapi, hajawahi kutoka hata kwenye baraza. Nilishuka taratibu, nikajinyoosha gauni, nikasubiri.

"Ni nani huyu?" Sauti ilikuwa imemkauka, macho mekundu.

"Huyu?" nikasema, midomo inanicheza. "Ni mtu tu."

Akanipita. Bega lake lilinigusa, nikayumba, na yeye ameshafika dirishani kwa dereva, amelishika kwa mikono yote miwili. "Marehemu ulimjua wapi? Niambie tu. Sitakufanya kitu."

"Marehemu gani, mzee? Mimi nauza maji."

Maskini yule jamaa, alieleza yote, huku anatoa jasho chini ya kofia: maji, saa nne, zege bichi, tundu. Fundi akatazama tangi. Akautazama mpira. Kisha nikauona uso wake ukifunguka, uso ambao nimeusubiri tangu alipokuja kupima kioo changu, na machozi yakamtoka huku anacheka. Akampa dereva mikono yote miwili. Akamuuliza hali ya watoto wake. "Asante, kaka, asante sana, Mungu akubariki." Akageuka akaingia ndani, na dirishani nikamsikia akiiwasha kompyuta.

Mimi nimebaki barabarani, nanukia. Nimeshushwa mlangoni kwangu na mwanamume ambaye Fundi hamjui, mchana kweupe, mtaa mzima unaona. Hakuniuliza hata nilikuwa wapi.