Fundo Alilofunga Mume Wangu

Mume wangu alianguka wakati wa mvua, kwenye ghala la pamba lililokuwa likijengwa nje kidogo ya mji wa Bariadi. Mimi nilikuwa chini, nimeinama, nachota zege kutia kwenye karai. Nilisikia mirunda ya jukwaa ikilia, kisha kishindo, kisha kimya. Nilipogeuka alikuwa amelala ubavu kwenye tope, mwiko bado uko mkononi.

Miaka ile ujenzi ulikuwa umeshamiri ghafla. Ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee wa pamba. Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa, na kila kampuni ilitaka ghala lake lisimame kabla msimu haujafunguliwa. Sisi tuliotoka Mwamapalala na jembe begani tukageuka watu wa saiti. Yeye alikuwa fundi mwashi mwenye mkono mzuri, mimi saidia fundi wake. Tulifanya kazi pekupeku, vichwa wazi, na majukwaa yetu yalikuwa miti iliyofungwa kwa kamba za katani.

Nyonga ilivunjika. Alilala hospitali wiki nyingi, akarudi nyumbani na magongo mawili. Mtu aliyezoea kuimba huku anapanga tofali akawa hasemi. Majirani wakija kumjulia hali, anageukia ukutani na kujifanya amelala. Mimi lawama zote nilimtupia msimamizi wa saiti. Kila aliyeuliza nilimwambia kwamba yule bwana alitupatia kamba iliyooza. Nikikutana naye, hata sokoni, nilimpita bila hata mwangaluka, na kwetu Usukumani kumnyima mtu salamu ya asubuhi si jambo dogo. Mume wangu alinisikia nikiyasema hayo mara nyingi. Hakuwahi kujibu.

Mwaka ulipokaribia kwisha likaletwa tangazo saiti, ambako sasa tulikuwa tukijenga ghala la pili la kampuni ileile. Afisa kazi wa serikali na katibu wa chama cha wafanyakazi wangetoa mafunzo ya usalama kwa mafundi, siku tatu, katika darasa la shule ya msingi, watoto wakiwa likizo. Watu walicheka. Zamani tulidhani serikali na chama cha wafanyakazi ni kitu kimoja, halafu tukaambiwa vimeachana, kila kimoja kina njia yake. Sasa wanakuja katika gari moja! Fundi mmoja akasema, "Wamerudiana. Tukawape pole au hongera?"

Nilimwambia mume wangu tutakwenda.

"Nenda wewe, mayu," alisema. Aliniita mayu, mama, kila alipotaka kunikatalia kwa upole. "Mimi nikajifunze nini? Nimeshaanguka."

"Tutakwenda wote."

Nilimkalisha kwenye keria ya baiskeli, nikafunga magongo kwenye fremu, nikasukuma. Njia nzima alinishika bega.

Afisa kazi alikuwa mwanamama mrefu mwenye miwani. Katibu alikuwa mzee mfupi, seremala wa zamani, kidole kimoja hana. Mama yule alijua kazi yake, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini: riski, ripoti, utaratibu wa ukaguzi. Kila alipotuuliza kama tumeelewa, tuliitikia ndiyo kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Hatukuwa tumeelewa. Hapo nikasikia sauti ya mume wangu, chini chini, akimfasiria jirani yake maneno yale kwa Kisukuma. Jirani akamfasiria mwingine. Mara safu nzima ya nyuma ikawa imeinama kumsikiliza yeye.

Katibu aliona. Akamwita kama mwanamume anavyoitwa kwa Kisukuma, "Ngosha, njoo huku mbele tukusikie wote."

Nilidhani atakataa. Alijiinua kwa magongo yake, akaenda. Akaomba kamba, akaegemea meza, akafunga mguu wa dawati kwenye mguu wa dawati jingine, akionyesha jinsi ya kuzungusha, kupitisha katikati na kukaza kwa uzito wa mwili. Alieleza kwa Kisukuma, halafu kwa Kiswahili. Mikono yake ilikuwa ileile ya zamani. Nilikuwa sijaiona ikifanya kazi karibu mwaka, na nilijikuta nalia pale nilipokaa.

Kisha akaitazama ile kamba.

"Watu wanasema nilianguka kwa sababu ya kamba mbovu," akasema. "Kamba ilikuwa nzima. Fundo lilikuwa langu. Mawingu yalikuwa yamekuja, nikataka nimalize mstari wa mwisho. Nilizungusha mara moja tu, nikajiambia nitarudi kulikaza."

Msimamizi alikuwa amekaa karibu na dirisha, na sikuthubutu kumwangalia.

Afisa kazi alivua miwani. "Kabla hujapanda, nani alilikagua fundo lako?"

"Hakuna."

Akamgeukia msimamizi. "Ilikuwa kazi ya nani?"

Msimamizi alisimama. Alijibu polepole, "Sikujua kama ilikuwa kazi yangu."

"Ndiyo maana tumekuja wawili," alisema katibu. "Mimi niseme na anayepanda, na mama huyu aseme na anayempandisha. Mmoja wao akichoka, mwenzake aone."

Tukiwa njiani kurudi nilisimamisha baiskeli. "Umenificha mwaka mzima," nilimwambia.

"Ulikuwa unanitetea vizuri mno," alijibu nyuma yangu. "Niliogopa ukijua utaacha."

Sikujua nicheke au nimtikise. Niliendelea kusukuma, na yeye akalaza paji la uso mgongoni kwangu.

Asubuhi ya siku ya pili nilimfuata msimamizi mlangoni mwa darasa. "Mwangaluka, bhabha," nilisema, nikimwita baba. Akaitikia kwa staha, kama vile hapakuwahi kuwa na mwaka ule kati yetu. Kisha akaniambia kwamba hospitali alikuwa akija. Alikuwa akisubiri nje mpaka anione nimetoka, ndipo aingie na uji.

Mafunzo yalipokwisha, wale wageni wawili walikwenda kwa mwenye ghala, wakazungumza naye saa nzima. Sikusikia walichosema. Wiki iliyofuata zikaja kofia ngumu, chache, tukawa tunapokezana. Na mume wangu akaitwa kazini, awe mkaguzi wa majukwaa. Kila asubuhi alizunguka na magongo yake, akivuta kamba moja moja, na hakuna fundi aliyepanda kabla yeye hajamruhusu. Mafundi wa Maswa walianza kumwita aende kwao pia.

Siku moja, ukuta ukiwa umefika juu kabisa, alikagua jukwaa, kisha akanitazama.

"Panda wewe," akasema.

Wanawake hatukupanda. Kazi yetu iliishia chini. Lakini nilijifunga kanga kiunoni nikapanda, naye akinielekeza, "Shika kwanza, halafu ukanyage." Mti haukutikisika. Nilipofika juu upepo ulinipiga usoni, na nikaona mbali kuliko nilivyowahi kuona.

"Unaona nini?" aliniuliza kutoka chini.

Nikamhesabia yote: mabati ya sokoni, ng'ombe wakishuka mtoni, pamba iliyoanza kupasuka mashambani, nyeupe mpaka ilipoishia nchi. Alisimama akinisikiliza, kichwa ameinua, magongo ameyabana kwapani.

"Endelea," akasema.