Kipepeo kwenye Shati la Evelio

Hebu mwone Crisanta akija, ndugu yangu. Anatokea nyuma ya pipa la kuchemshia nta ya mimea ya jangwani, beseni la nguo kiunoni, na macho hayako njiani, yako juu. Kila Machi ndivyo anavyotembea, hadi watoto wa kijiji cha El Jaralito humcheka kwamba ipo siku atakumbatia mpungate na miiba yake.

Anatafuta vipepeo. Crisanta hakuzaliwa huku jangwani. Aliolewa kutoka milima ya Michoacán, mbali kusini, na kwao vipepeo wale wa rangi ya machungwa ni roho za wafu. Ukishuku kipepeo ni wako, unamwita kwa jina. Akitulia, ndiye, na mtu wako ni marehemu. Akiruka, mtu wako yu hai mahali fulani. Huku Coahuila hupita tu, wachache wachache, mabawa yamechakaa, wakielekea kaskazini.

Huko kaskazini ndiko alikokwenda Evelio, mwanawe wa pekee, kijana mrefu, kwa miguu, na hajaleta hata salamu. Wifi yake, Eduviges, alitaka Novemba picha ya kijana iwekwe kwenye meza wanayoandaliwa wafu chakula, naye apate chake. Crisanta aligoma katakata. Badala yake hulifua shati la mwanawe na kulianika, kana kwamba anarudi kesho.

Asubuhi hiyo alipokuwa akilianika kwenye kamba, baridi ilikuwa kali. Kipepeo mmoja akaja kinyume cha wenzake, akitokea kaskazini, akatua kwenye kola ya shati lile.

"Wifi!" Crisanta alinong'ona. "Umemwona?"

"Nimemwona. Na usinitolee macho, si mimi niliyemtuma."

"Ametoka kule."

"Upepo umemzungusha. Upepo wa huku hupeleka hata mbuzi kanisani." Eduviges alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Haya, mwite basi, ujue moja."

Crisanta alifungua mdomo, akaufumba. Aliwajua vipepeo tangu utotoni: mwenye baridi haruki hata umpulizie. Akiitwa sasa, atatulia tu.

"Nangoja jua," alisema.

"Alaa! Unaibia mtihani, wifi?"

"Angekuwa wako ungeibia pia."

Wakangoja bega kwa bega, maharage yakiungua jikoni bila wa kuyaepua. Jua likapanda ukuta, likafika kwenye kamba. Mabawa yakafunguka, yakajifumba, yakafunguka. Ndipo Crisanta akaita, kwa sauti ya kumwamsha mtoto wa shule:

"Evelio!"

Kipepeo akaruka.

"Yuko hai!" Crisanta alimkamata wifi yake mkono. "Ameruka, umeona? Mwanangu yuko hai!"

Eduviges alikuwa akimfuata kipepeo kwa macho. Kipepeo hakwenda kaskazini na wenzake. Alizunguka kamba, akashuka kama mtu mrefu anayeinamia mlango mfupi, akaingia chumbani kwa Evelio, chumba kisicholalwa na mtu, akapotelea gizani.

Wakamfuata, wakasimama mlangoni. Ndani kimya. Kisha, pale juu ya kitanda, kitu kikasugua ukuta taratibu, kikatulia.

"Nifungue dirisha atoke?" Eduviges aliuliza kwa sauti ndogo. "Au tufunge mlango?"

Mkono wa Crisanta ulikuwa tayari kwenye komeo, lakini haukwenda huku wala kule. Nawe uliyekaa nami mpaka hapa, ungekuwa mama yake, ungesema nini?