Ndimu za mama mkwe nusura zinivunjie ndoa

Wakuu, heshima kwenu. Hili nalileta kama lilivyo, chumvi yote niliimaliza kwenye achari.

Mimi mtu wa Mabawa, Tanga. Kabla ya harusi nikaenda Maramba kwa wakwe, kujikomba tu. Nikamkuta mama mkwe na beseni la ndimu za achari ya shughuli. Nikampa shikamoo, nikamnyang'anya kisu.

Akaniambia, "Mwanangu, sogea kivulini." Nikakataa, nionekane mchapakazi!

Nikakaa juani nakata ndimu, nashindilia chumvi, jasho likinitoka najifuta shingoni kwa mikono ileile.

Kesho yake shingo nyekundu, inawaka moto. Siku zilizofuata, lahaula! Mabaka rangi ya kahawa, marefu, yamejipanga kama vidole. Kifuani michirizi, maji ya ndimu yalikopita. Nimesugua mpaka dodoki likachakaa, wapi.

Mchumba wangu Zuhura akaja, akaitazama shingo.

"Nani kakushika?"

"Ndimu."

"Ndimu ulikata, mama kaniambia. Ila ndimu gani ina vidole vinne?"

Akasema hakuna ndoa mpaka aujue ukweli. Niliogopa wakuu, yule binti nampenda.

Nikamburuta zahanati. Daktari akauliza kwanza krimu, dawa, vipele, maana ngozi huweka weusi kwa sababu nyingi. Nilipotaja achari akacheka. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi, jua likapiga, ngozi inaungua, ikipoa inaacha weusi. Utafifia wenyewe taratibu, nisisugue.

Zuhura akajibu, "Madaktari nao wanaume," akaenda zake kwao. Simu hapokei. Nikajua basi tena.

Siku moja huyo, mlangoni. Hakusalimia, akanyoosha mkono. Baka jeusi refu! Kumbe alijipaka ndimu akaanika mkono uani, mama yake akimwita mwendawazimu.

"Nilitaka nikuamini," akasema, "nikakosa njia nyingine."

Machozi yalinilenga, sifichi. (Msimuige, wengine hutoka malengelenge.)

Funzo: ndimu kateni kivulini, na mnawe kwa sabuni kabla hamjatoka juani. Baka lisiloeleweka, nendeni hospitali, msiende kwa majirani.

Je, kuna mwenzangu aliyechongewa na ndimu? Tiririkeni.

Ndoa ilifungwa. Siku ya hina mpambaji alitaka kulifunika lile baka kwa maua ya piko. Zuhura akavuta mkono.

"Hilo liache. Hilo la mume wangu."