Gramafoni Juu ya Dungu

Nikisikia nyimbo za Kizungu za kuchezea, zile za tarumbeta na ngoma za haraka haraka, hunipanda hasira. Watu husema zinachangamsha kazi. Mimi ziliniangusha mtihani.

Mwaka jana nilikuwa darasa la nne, na asiyepita mtihani wa darasa hilo haendelei. Mpunga wetu hapa kijijini Kulesa ulikuwa umeanza kuingia maziwa, punje zikiwa bado laini, wakati ambao ndege huupenda kuliko wakati wowote. Mama alinipa zamu ya kuulinda: alfajiri kabla ya shule, kisha saa tisa mpaka jua lichwe. Nilipanda dunguni, kile kilingo cha miti katikati ya shamba, na teo langu la kurushia udongo, na madaftari yangu. Shuleni sikuwa msemaji; mwalimu akiniuliza swali, nilitazama vidole vya miguu. Lakini kule juu sikuonwa na mtu, basi nilisoma kwa kupiga kelele. Saba mara nane, hamsini na sita. Ndege waliruka. Nikataja majina ya mito, wakaruka tena. Hivyo ndivyo masomo yalivyoniingia, nami ninayeandika polepole nikaanza kuwa na tumaini.

Ndipo mjomba wangu, ndugu yake mama, alipokuja likizo kutoka Mombasa, alikokuwa dobi wa Mzungu. Alikuja na gramafoni.

"Bwana wangu hafungui barua bila muziki," aliniambia. "Kichwa kinakwenda mbio. Nawe utasoma hivyo hivyo, na ndege watakimbia. Kazi mbili kwa santuri moja."

Akaipandisha dunguni, akazungusha mpini, akaweka sindano. Siku ya kwanza ndege walikimbia kweli. Siku ya pili vijana walijaa chini ya dungu wakitikisa mabega. Siku ya tatu ndege walirudi. Walikwisha kujua kwamba sanduku lile halirushi udongo.

Nami sikuweza kusoma. Ningepigaje kelele mbele ya watu wote wale? Nilisogeza midomo tu, na kila hesabu ilikatwa katikati na tarumbeta. Nilimwomba mjomba apunguze sauti.

"Hii haipunguzwi," alisema. "Punguza wewe aibu."

Vijana wakacheka. Niliinamia daftari langu.

Siku chache baadaye mama alikuja, akavuta suke, akalibana kwa kucha. Lilikuwa tupu.

"Nani analinda hapa?"

"Muziki unalinda, dada," mjomba alijibu.

"Muziki una mikono?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe uliyekaa huko juu, huna mdomo?"

Nilikuwa nao. Sikuufungua, na jambo hilo linanikera mpaka leo kuliko kicheko cha wale vijana.

Siku ya mtihani darasa lilikuwa kimya. Nilisoma swali la kwanza, na wimbo ukaanza kichwani mwangu, wimbo wote, na pale santuri ilipokwaruza ukakwaruza. Wenzangu walikuwa swali la tano nami ningali naufukuza. Nikaanguka. Mjomba, alipopata habari huko Mombasa, alituma salamu kwamba hakunipigia muziki siku za kutosha.

Mwalimu alikubali nirudie darasa. Mwaka huu mpunga ulipoingia maziwa, mjomba akaja tena, na santuri nne mpya. Nilikwenda kumpokea mtoni. Aliposhuka mtumbwini na sanduku begani, nilisimama mbele yake.

"Mjomba, hilo halipandi dunguni."

Alicheka. "Nani amesema?"

"Mimi. Piga nyumbani, piga sokoni. Dunguni nasoma."

"Mwana hana adabu huyu," alimwambia mwenye mtumbwi.

Mtu yule alitazama maji. Mjomba alinisubiri niinamishe kichwa, kama ilivyo desturi mbele ya mkubwa. Sikuinamisha. Mwishowe akanipita na sanduku lake, akashika njia ya nyumbani.

Ni siku ya sita leo, hajanisemesha. Mama anataka niombe radhi. Nimemwambia nitaiomba mtihani ukisha, na hata hapo sijui.